Milima Ambayo Miungu Huhama: Kuielewa Hija ya Garhwal

Shiva, mungu wa Kedarnath kwenye milima ya Himalaya nchini India, ana makazi mawili. Kuanzia mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei hadi Bhai Dooj, sikukuu inayokuja mara tu baada ya Diwali, hukaa kwenye hekalu la mawe ya kijivu lililo karibu mita 3,580 juu ya usawa wa bahari. Theluji ikibisha hodi, sanamu ya fedha yenye nyuso tano hupandishwa kwenye machela iliyopambwa, ikabebwa mabegani na kuteremshwa kwa miguu, ngoma zikitangulia, hadi mji mdogo wa Ukhimath. Huko huabudiwa majira yote ya baridi. Jiwe lenyewe, ambalo ndilo kiini cha ibada ya Shiva pale juu, haliendi popote. Hupakwa majivu, likafunikwa, mlango ukafungwa, na mlima ukaachiwa theluji.

Majirani wake watatu nao huhama. Mama Ganga, mto unaoabudiwa kama mungu, hutoka Gangotri akapumzika kijiji cha Mukhba. Yamuna hushuka Yamunotri kwenda Kharsali. Badrinath, kwa Vishnu, baadhi ya sanamu huteremshwa Pandukeshwar na Joshimath. Hizi ndizo dham nne, yaani makao matakatifu, za Garhwal, upande wa magharibi wa jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, jimbo linalopakana na Tibet na Nepal. Mwaka 2023 zilipokea mahujaji zaidi ya milioni 5. Jimbo zima, kwa sensa ya 2011, lilikuwa na wakazi milioni 10 hivi.

Ukiziweka takwimu hizo mbili bega kwa bega utaanza kuona kwa nini habari za huko zina utata. Kuna wanaoiandika hija hii kama habari ya imani, na kuna wanaoikumbuka pale tu mafuriko yanapoua. Kwangu ni habari moja. Maji yanayochemka yenyewe ardhini, barafu inayozaa mto, mito miwili inayovamiana ndani ya korongo: hayo ndiyo yaliyowafanya watu wa kale wapaone mahali hapa kuwa si pa kawaida, na hayohayo ndiyo yanayowaua watu wa leo. Asiyeshika hilo atashangaa kila mwaka.

Dham zipi hasa?

Fundo la kwanza ni la majina. Ukiuliza Mhindu kuhusu Char Dham, yaani makao manne, unaweza kupata majibu mawili, na yote ni sahihi. Kuna Char Dham ya India nzima: Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Rameswaram kusini, Dwarka magharibi. Mzunguko huo ni wa bara zima. Kisha kuna Char Dham ndogo ya milimani: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Badrinath imo katika zote mbili, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa hiyo mtu akikuambia amemaliza Char Dham, muulize kwanza kama alikuwa safarini siku kumi au ameizunguka India. Siku hizi jibu huwa ni siku kumi, kwa sababu barabara na kampuni za utalii zimeifanya ile ndogo kuwa maarufu kuliko kubwa.

Wanaofuata utaratibu huanzia Haridwar, pale Ganga inapotoka milimani na kuingia tambarare, kisha hupanda kutoka magharibi kwenda mashariki: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath, Badrinath. Ndivyo Mhindu anavyozunguka sanamu hekaluni, kitakatifu kikibaki mkono wa kulia. Hapa kinachozungukwa ni milima yenyewe.

Ndani ya dham hizo nne kuna minyororo mingine. Mashuhuri zaidi ni Kedar tano. Masimulizi ni kwamba ndugu watano wa Pandava, mashujaa wa utenzi wa Mahabharata, baada ya kuwaua jamaa zao katika vita vya Kurukshetra, walimfuata Shiva ili awasamehe. Shiva hakutaka kuonana nao. Akajigeuza fahali, na walipomkaribia akazama ardhini. Nundu yake ikabaki Kedarnath, mikono ikatokea Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar, na nywele Kalpeshwar. Hekalu la Tungnath liko karibu mita 3,680, na ni miongoni mwa mahekalu ya Shiva yaliyo juu kabisa duniani. Angalia hesabu inavyofanya kazi: mwili mmoja wa mungu umetandazwa juu ya wilaya mbili, hivyo bonde linalotaka kuwa na sehemu katika simulizi kuu la India lina kiungo chake.

Mito nayo ina mnyororo wake. Alaknanda ikiteremka kutoka upande wa Badrinath hukutana na mito mingine mahali patano, na kila makutano ni mahali pa ibada. Vishnuprayag hupokea Dhauliganga, Nandaprayag Nandakini, Karnaprayag Pindar, Rudraprayag Mandakini inayotoka Kedarnath. Makutano ya mwisho ni Devprayag, ambapo Bhagirathi huingia kutoka Gangotri, na ni kuanzia hapo tu ndipo mto unaitwa Ganga. Kwa wingi wa maji, Alaknanda ndiyo kubwa. Lakini heshima ya kuwa chanzo amepewa Bhagirathi, kwa sababu ana hadithi.

Hadithi hiyo inastahili kusimuliwa. Wana 60,000 wa Mfalme Sagara waliteketezwa kwa macho ya mtawa mmoja waliyemuudhi, na majivu yao yakakosa amani. Mjukuu wa vizazi vya baadaye, Bhagiratha, alijinyima na kuomba miaka na miaka hadi Ganga akakubali kushuka kutoka mbinguni kuyaosha. Ila palikuwa na tatizo: mto mzima ukidondoka kwa mpigo mmoja ungeivunja dunia. Ikabidi Shiva aupokee kwa nywele zake, maji yakajipenyeza kwenye misokoto na kutoka kidogo kidogo. Wanamazingira wa Uttarakhand hupenda kusema kwamba nywele za Shiva ni misitu ya milimani. Hata ukiiacha tafsiri hiyo, hadithi yenyewe imetungwa na watu waliowahi kuona maji yakishuka yote kwa pamoja.

Kwa faida ya anayepanga safari, Gangotri sicho chanzo halisi cha mto. Maji hutoka Gaumukh, safari ya miguu ya kilomita 18 hivi kupanda juu ya hekalu, kwenye mdomo wa barafuto la Gangotri, mto wa barafu wenye urefu wa karibu kilomita 30. Mdomo huo umekuwa ukirudi nyuma kwa zaidi ya karne moja. Hekalu lililopo Gangotri si la kale kama wengi wanavyodhani. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Amar Singh Thapa, jenerali wa Gurkha kutoka Nepal, wakati jeshi lake lilipokuwa limeitwaa Garhwal.

Kuhani kutoka kusini

Ukifika Badrinath utakuta jambo la ajabu. Kuhani mkuu, anayeitwa Rawal, si mtu wa milima. Ni Brahmin wa Nambudiri kutoka Kerala, ncha ya kusini ya India, mtu aliyekulia kwenye minazi na joto, na ndiye peke yake anayeruhusiwa kuigusa sanamu ya Vishnu. Kedarnath, Rawal hutoka katika jamii ya Lingayat ya Karnataka, kusini vilevile.

Sababu inayotolewa ni Adi Shankara, mwanafalsafa aliyezaliwa Kaladi, Kerala, ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 8. Mapokeo yanasema aliizunguka India kwa miguu akijadiliana na wapinzani wake, akaanzisha vituo vya elimu pande zake nne, cha kaskazini kikiwa Joshimath, akairudisha sanamu ya Badrinath kwenye ibada baada ya kuiopoa majini, na akafia Kedarnath akiwa na miaka 32. Wanahistoria wana maswali mengi kuhusu kila sehemu ya masimulizi hayo. Lakini matokeo yake yanaonekana kwa macho: hekalu la mwisho kabla ya mpaka wa Tibet liko mikononi mwa mtu wa Kerala, na muumini wa Chennai au Kochi akifika pale hajihisi mgeni.

Wenyeji hawakuachwa nje, maana kazi zimegawanywa. Tarehe ya kufungua Badrinath hutangazwa siku ya Basant Panchami kwenye kasri la Narendranagar, la ukoo uliotawala Tehri Garhwal hadi ufalme huo ulipoungana na India mwaka 1949. Mfalme aliitwa Bolanda Badri, yaani Badri (Vishnu wa Badrinath) anayesema, na ingawa hana tena ufalme, kauli hiyo bado ni yake. Wanawake walioolewa hukusanyika kasrini kukamua mafuta ya ufuta ya kumpaka Vishnu, na chungu cha mafuta husafirishwa kwa maandamano hadi juu. Wasichana wa Mana, kijiji kilicho kilomita chache kutoka hekaluni, hufuma blanketi la sufu ambalo hupakwa samli na kumfunika Vishnu siku ya kufunga. Mlango ukifunguliwa tena baada ya miezi sita, blanketi huchunguzwa: samli ikiwa bado mbichi, mwaka utakuwa wa neema.

Siku hiyo ya kufunga ina tukio ambalo mimi sichoki kulisoma. Lakshmi, mke wa Vishnu, hukaa kiangazi chote kwenye hekalu lake dogo pembeni, kwa kuwa ndani yupo Uddhava, ambaye kwa ukoo ni kama shemeji mkubwa, na mke mwenye haya hakai na mumewe mbele ya mtu kama huyo. Uddhava akishatolewa kwenda Pandukeshwar, Lakshmi huingizwa ndani. Lakini nani ambebe? Mwanamume wa nje hawezi kumshika mke wa mungu. Basi Rawal huvaa nguo za kike, akawa rafiki wa kike wa Lakshmi, ndipo akamchukua. Watu wa pwani yetu, ambao nao wanajua nani hakai sebule moja na nani, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Kundi jingine ni makuhani wa ukoo, waitwao panda, hasa wa Haridwar na Devprayag. Hawa hutunza madaftari marefu ya majina. Familia inapofika, kila panda anajua wilaya ipi ya India ni yake. Hufungua daftari, akaonyesha babu alikuja mwaka gani, na watu gani, kisha akaandika waliofika leo. Kwa familia nyingi za Kihindu hilo ndilo kumbukumbu pekee ya ukoo iliyoandikwa.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini serikali ya jimbo ilipopitisha sheria mwaka 2019 ya kuyaweka mahekalu haya manne na mengine karibu 50 chini ya bodi moja, makuhani waligoma na kuandamana. Serikali iliona mapato, foleni na vyoo. Wao waliona mlolongo wa haki za urithi unaovunjwa kwa kalamu. Mwishoni mwa 2021 sheria ilifutwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na hoja, na tatizo la foleni na vyoo halikufutwa pamoja na sheria.

Afrika Mashariki ina uzi wake hapa, mwembamba lakini wa kweli. Kijana aliyezaliwa 1781 Chhapaiya, kaskazini mwa India, aliondoka kwao mwaka 1792 akiwa na miaka 11, peku. Mapokeo ya wafuasi wake yanasema alipita Badrinath, akaendelea hadi Muktinath nchini Nepal, kisha akateremka na hatimaye kutulia Gujarat. Baadaye alijulikana kama Swaminarayan. Wafuasi wake wa Kigujarati walivuka bahari, na mahekalu yao yapo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile sanamu ya kijana mwembamba anayemwagiwa maji katika mengi ya mahekalu hayo ni yeye, katika miaka ile ya milimani.

Binti anayesindikizwa ukweni

Mahujaji wa kutoka Delhi au Ahmedabad huiona Garhwal kwa dirisha la basi na kudhani dham nne ndiyo dini yote ya pale. Kwa mwanakijiji, Badrinath ni mungu mkubwa wa wageni. Mungu wa kila siku yuko karibu zaidi. Kila bonde lina mungu wake mwenye machela yake, anayetembelea vijiji vyake, anayeamua ugomvi wa mipaka, na anayesema kupitia mtu aliyepandwa. Usiku wa jagar, mpiga ngoma huimba habari za mungu huyo mpaka apande kichwani mwa mteja wake, kisha watu humuuliza shida zao. Majira ya baridi vijiji vingine huwachezea Pandava, na wachezaji hupandwa na Bhima, mmoja wa ndugu hao, au Draupadi, mke wao, kama vile ni jamaa wa kijiji waliorudi likizo.

Anayependwa kuliko wote ni Nanda Devi. Yeye ni mlima, kilele cha mita 7,816, na ni mungu. Zaidi ya hayo ni binti wa Garhwal aliyeozwa mbali. Mumewe ni Shiva, ukweni ni Kailash, na njia ya kwenda huko ni baridi tupu. Kila mwaka huja kwao kusalimia, kisha husindikizwa kurudi, na wanawake humlilia barabarani kwa nyimbo za binti anayeondoka. Karibu kila miaka 12 hufanyika msafara mkubwa, Raj Jat, unaoanzia kijiji cha Nauti na kwenda karibu kilomita 280 kwenda na kurudi. Anayetangulia ni kondoo dume mwenye pembe nne aliyebebeshwa zawadi. Mwisho wa njia, Homkund, kondoo huyo huachwa aende peke yake milimani. Msafara wa 2014 ulivuta umati mkubwa.

Njia hiyo hupita Roopkund, ziwa dogo lililozungukwa na mifupa ya mamia ya watu, lililoanza kuzungumzwa duniani mwaka 1942. Wenyeji wanasema ni mfalme aliyekwenda hija na wachezaji ngoma, Nanda akakasirika na kuwashushia mvua ya mawe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2019 uliwashangaza wote: kati ya watu 38 waliopimwa, 23 walikuwa na asili ya Asia Kusini na walikufa nyakati tofauti karibu na mwaka 800, lakini 14 walikuwa na asili ya mashariki mwa Mediterania, na walifia pale karibu na mwaka 1800. Walifuata nini kule juu? Hakuna hati iliyopatikana inayowataja.

Chakula cha nyumbani ni mandua, unga mweusi wa mikate. Ukiuona kwenye gunia utaujua mara moja: ni ulezi, wimbi kwa Wakenya, nafaka iliyoanza kulimwa nyanda za juu za Afrika Mashariki na kuvuka hadi India maelfu ya miaka iliyopita. Unakubali mashamba ya ngazi yasiyo na mfereji wala mbolea ya dukani. Wanaoulima ni wanawake, kwa kuwa wanaume kwa vizazi wameingia jeshini au kwenda mijini. Siku hizi hata wanawake wanaondoka. Sensa ya 2011 ilihesabu vijiji zaidi ya 1,000 katika jimbo visivyo na mkazi hata mmoja. Jimbo lenyewe lilitengwa na Uttar Pradesh tarehe 9 Novemba 2000 ili watu wa milimani wajitawale, lakini makao ya serikali yakaenda Dehradun, chini bondeni.

Mlima ambao bado unajengwa

Sasa tuje kwenye ardhi. Bamba la India, kipande kikubwa cha ganda la dunia, linajisukuma chini ya bamba la Asia, nalo halijapumzika. Katika kusukumana huko ardhi ya Garhwal imepasuka kwa nyufa ndefu, na ufa mmoja kati ya zile kubwa kabisa unapita kusini kidogo ya safu ya vilele vya barafu, mlemle kwenye mabonde ya hija. Maji yanayoingia kwenye nyufa hizo hupata joto na kurudi juu. Ndiyo chemchemi ya Surya Kund huko Yamunotri, ambako mahujaji hufunga mchele kwenye kitambaa, wakautumbukiza na kuupokea umeiva kama sadaka. Ndiyo Tapt Kund ya Badrinath, ambako watu huoga kabla ya kumwona Vishnu. Neema ya maji moto na hatari ya tetemeko zinatoka chumba kimoja. Tetemeko la Uttarkashi la Oktoba 1991 liliua mamia ya watu, na la Chamoli la Machi 1999 likafuata.

Juni 2013 mvua za masika ya India ziliwahi, zikakutana na mfumo wa hewa kutoka magharibi, zikanyesha juu ya theluji ambayo haijayeyuka. Tarehe 16 usiku maji yalipiga Kedarnath. Asubuhi ya tarehe 17 ukingo wa mawe na udongo uliokuwa umezuia ziwa la Chorabari, juu ya hekalu, ulibomoka, na ziwa lote likashuka kwa dakika chache. Mji ulifutika, na kituo cha Rambara kwenye njia ya kupanda hakikuachwa hata ukuta. Katika jimbo zima watu zaidi ya 5,700 walihesabiwa kuwa wamekufa, wengi wao bila mwili kupatikana. Hekalu lilibaki limesimama. Jiwe kubwa lilikuwa limebingirika na kukwama nyuma yake, likaugawa mkondo. Leo jiwe hilo linaitwa Bhim Shila na linaabudiwa.

Jioni ya tarehe 16 Juni hiyohiyo, sanamu ya mungu wa kike Dhari Devi ilikuwa imehamishwa kutoka mwamba wake kando ya Alaknanda ili kupisha mradi wa umeme wa maji. Hadi leo wapo wengi Garhwal ambao hawakubali kwamba kilichofuata kilikuwa mvua tu. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza kabla ya sanamu kuguswa, na ziwa liko mbali na pale. Ila sioni busara kuwacheka. Wanachokisema kwa lugha yao ni kwamba mto una mipaka, na kwamba aliyeipuuza ni mtu wa mradi. Wataalamu waliochunguza maafa yale nao waliandika mengi kuhusu majengo yaliyosogezwa mtoni na vifusi vya miradi vilivyomwagwa kingoni.

Tarehe 7 Februari 2021, bila mvua yoyote, kipande kikubwa cha mwamba na barafu kilimeguka kutoka kilele cha Ronti, kikasagika njiani na kuwa tope, kikaziharibu stesheni mbili za umeme, za Rishiganga na Tapovan. Waliokufa na kupotea walizidi 200, wengi wakiwa vibarua wa miradi hiyo. Miongoni mwa vijiji vilivyotikiswa ni Reni, kijiji ambacho Machi 1974 Gaura Devi na wanawake wenzake walisimama mbele ya wakata miti, wakati wa harakati za Chipko za kulinda misitu. Onyo lilianzia palepale lilipotimia.

Joshimath, mji wa Shankara, umejengwa juu ya vifusi vya poromoko la kale. Kamati ya serikali ilionya hivyo mwaka 1976 na kushauri ujenzi mzito uzuiwe. Haukuzuiwa. Januari 2023 mji ulididimia kwa kasi, mamia ya nyumba yakapasuka, na familia zikahamishwa usiku. Mahekalu ya mji huo yana unabii wa zamani: mkono wa sanamu ya Narasimha, umbo la Vishnu la nusu simba, unakonda mwaka hadi mwaka, na siku utakapokatika, milima miwili itagongana na kuifunga njia ya Badrinath, kisha Vishnu ataabudiwa Bhavishya Badri, Badri ya baadaye. Hekalu hilo la baadaye lipo tayari, msituni, na watu huenda. Sijui dini nyingine iliyoweka makao ya akiba kwa ajili ya maporomoko.

Kasi

Kabla ya barabara, hija ilikuwa ya miguu kutoka Haridwar na ilichukua wiki nyingi. Njiani palikuwa na chatti, vituo vya kupikia na kulala vilivyopishana kwa kilomita chache, na mtawa aliyejulikana kwa blanketi lake jeusi, Baba Kali Kamli, alichangisha pesa za kuwajengea maskini nyumba za kupumzikia. Watu walikufa njiani wakati huo pia, kwa kipindupindu na kwa kuanguka. Lakini mwendo ule ulikuwa na kazi mbili zisizoandikwa popote: ulipunguza idadi, na ulizoesha mapafu.

Vita vya India na China vya 1962 vilibadilisha yote. Mpaka wa Tibet ulifungwa, biashara ya chumvi na sufu ya Wabhotia wa Mana na Niti ikafa, na jeshi likahitaji barabara. Mahujaji wakapanda mabasi kwenye barabara zilizochongwa kwa ajili ya mizinga. Leo mtu hutoka Delhi, mita 220 hivi, na siku ya pili au ya tatu yuko Kedarnath, mita 3,580, karibu sawa na kambi ya Horombo kwenye Kilimanjaro. Mpanda Kilimanjaro walau hulala Mandara kwanza, na huwa ana kiongozi. Hujaji mara nyingi ana miaka 65, ana kisukari, amefunga, na anataka kumaliza dham nne kabla likizo ya mwanawe haijaisha. Kila msimu wapo wanaofia njiani kwa moyo au kwa kukosa hewa, na vifo hivyo havipati picha za helikopta.

Mwishoni mwa 2016 ulizinduliwa mradi wa kupanua barabara za dham nne, karibu kilomita 889. Wanamazingira walikwenda mahakamani kupinga upana, serikali ikajibu kwamba jeshi linaihitaji barabara hiyo, na Desemba 2021 Mahakama ya Juu ikakubali upana wa mita 10. Novemba 2023 handaki la Silkyara, kwenye njia ya Yamunotri, lilibomoka na kuwafungia ndani vibarua 41. Mashine kubwa ya kuchimba ilivunjika. Waliowafikia, siku ya 17, walikuwa wachimbaji wa mikono, wanaume maskini waliozoea kujipenyeza kwenye mashimo membamba ya makaa ya mawe.

Agosti 2025 mto mdogo wa Kheer Gad ulishuka na tope na kuizika sehemu kubwa ya soko la Dharali, mji wa mwisho wenye hoteli nyingi kabla ya Gangotri. Hoteli hizo zilisimama juu ya mchanga na mawe ambayo mto wenyewe ulikuwa umeyatandaza zamani.

Machi ya mwaka huohuo serikali ya India ilikuwa imeidhinisha gari la kamba la kilomita 12.9 kutoka Sonprayag hadi Kedarnath. Njia ya sasa ya kupanda ni kilomita 16 kutoka Gaurikund, kwa miguu, kwa machela au mgongoni mwa baghala, na huchukua saa nane au tisa. Gari la kamba litachukua dakika 36 na linaweza kubeba watu 18,000 kwa siku. Kwa mzee wa magoti mabovu ni rehema, na kwa mabaghala wanaopigwa hadi kuanguka pia, ingawa maelfu ya vijana wanaoishi kwa kazi ya kubeba hawajaambiwa watafanya nini. Swali langu ni la kule juu. Bonde la Kedarnath ni sinia dogo la vifusi vya barafu, lina mito pande zote mbili, na baada ya 2013 limejengwa tena. Kiasi cha watu ambao bonde linaweza kuwahimili kwa siku moja, pamoja na maji yao na uchafu wao, kilipaswa kuamuliwa kwanza, kisha ndipo nguzo za kamba zihesabiwe.